Watoto wa Kuazima

Barua ya halmashauri ilifika Pendlecot Ijumaa moja ya mwezi Machi, mwaka wa hamsini na saba, na Mwalimu Enid Tapscott alipoichana bahasha, nusu ya kijiji ilikuwa imeshajua yaliyomo. Tarishi wetu, Wilf Hucker, alikuwa na kipaji cha kusoma barua za watu bila kuzifungua. Aliziinua juani tu, akafumba jicho moja.

"Wanatufunga, Mwalimu," alisema, hata hajashuka kwenye baiskeli.

"Bwana Hucker, barua hii ina jina langu."

"Jina ni lako. Msiba ni wetu sote."

Na ulikuwa msiba kweli. Barua ilisema kwamba shule yoyote ya kijiji yenye watoto pungufu ya ishirini itafungwa kiangazi kikifika, na watoto wake watapelekwa mjini kwa basi, mwendo wa maili tisa. Mkaguzi, Bwana Aldous Crimp, angekuja Jumanne ya wiki ya pili kuwahesabu kwa macho yake. Pendlecot ilikuwa na watoto kumi na watatu. Hata hiyo kumi na tatu ilikuwa hesabu ya ukarimu, maana Nigel Trott alikuja siku ambazo chakula cha shule kilikuwa na pudini tu.

Enid alikuwa amefundisha katika chumba kile kimoja kwa miaka thelathini na mmoja. Aliwafundisha watoto, kisha akawafundisha watoto wa watoto hao, na hakuna mwanamume Pendlecot, awe na ng'ombe wangapi, aliyethubutu kupita mbele yake mikono ikiwa mifukoni. Alikuwa mrefu, mkavu, na sauti yake ilivuka bustani tatu za matufaha bila kuchoka. Kitu alichokichukia kuliko vyote duniani ni uwongo. Juu ya ubao aliandika kwa rangi nyeupe: NJIA YA MWONGO NI FUPI. Mtoto aliyedanganya alisimamishwa kando ya jiko la makaa mpaka hadithi yake inyooke, na kwa kuwa jiko lile lilikuwa kali, hadithi zilinyooka upesi.

Jioni ile watu walikutana ukumbini. Kasisi alipendekeza sala. Wilf alipendekeza watu wazae zaidi, mkewe akamuuliza anamtazama nani. Jabez Yandle, mkulima wa miaka sabini na mmoja, mfupi kama kinu, alijitolea kuvaa kaptura na kukaa dawati la nyuma, mradi asiulizwe hesabu.

"Nitanyoa vizuri," alisema.

"Utanyoa nini, Jabez? Makunyanzi?"

Queenie Vowles, mpishi wa shule, aliwaacha wacheke mpaka waishiwe. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mashavu mekundu na akili isiyolala. Kisha akasema, taratibu kama mtu anayeweka sufuria mezani: "Watoto wapo. Wapo kumi na wawili, wazima, pua zinawavuja kama za wetu. Wako ng'ambo ya kilima."

Ng'ambo ya kilima ni Wexley.

Mtu wa Pendlecot hahitaji kuambiwa Wexley ni nini. Mababu wa Wexley waliiba kengele ya kanisa letu, na mpaka leo inalia kwao kila Jumapili. Upepo ukielekea huku tunaisikia, kama mke aliyetoroshwa anayecheka kwa jirani. Wao wanasema waliishinda kihalali katika mashindano ya kuvuta kamba. Sisi tunasema ncha ya kamba yao ilikuwa imefungwa kwenye mti wa mwaloni.

"Heri tufungwe," alisema Jabez.

"Na wao wanakaguliwa Alhamisi," Queenie akaendelea, "na bwana huyo huyo. Jumanne watuazime wao, Alhamisi tuwaazime wetu. Dada yangu kaolewa kule, ameniambia hawalali kwa hofu. Kinachotakiwa ni mtu wa kwenda kumwomba mwalimu wao."

Macho yote yakamgeukia Enid.

"Huo ni uwongo," alisema Enid.

"Si uwongo, Mwalimu, ni wageni. Mtu akija kwako akawahesabu wageni akadhani ni wanao, kosa ni la nani?"

Enid alikataa Ijumaa, akakataa Jumamosi asubuhi, na Jumamosi jioni akakataa kwa sauti ya chini kidogo. Kilichomvunja ni Pansy Trott, dadake Nigel, mwenye miaka mitano. Jumapili baada ya ibada Enid alimwona akipanda bembea uwanjani, akasukumwa mara tatu, akashuka na kutapika kwenye viatu vyake vya kanisani. Maili tisa kwenda kwa basi, maili tisa kurudi, kila siku iendayo kwa Mungu. Enid alifunga skafu shingoni, akashika fimbo, akaanza kupanda kilima.

Mwalimu wa Wexley aliitwa Blanche Chidgey. Walikuwa hawajasemezana kwa miaka tisa, tangu michezo ya shule za tarafa, mbio za yai na kijiko. Mtoto wa Wexley alishinda kwa umbali wa kushangaza, akiruka kama mwana-kondoo, na yai likatulia tuli kwenye kijiko kana kwamba limezaliwa humo. Enid alisema hadharani, mbele ya mke wa diwani, kwamba yai lile limegandishwa kwenye kijiko. Blanche naye alisema mambo kuhusu sura ya Enid ambayo hayafai kurudiwa.

Alimkuta bustanini aking'oa vitunguu, mwanamke mviringo kama chungu, hereni za shanga nyekundu zikimning'inia masikioni hata kwenye matope.

"Bi Tapscott! Umepotea?"

"Sijapotea."

"Basi umekufa, na huu ni mzuka wako. Uliapa hutaikanyaga Wexley ukiwa hai."

Enid alimweleza shida yake akiwa amesimama, maneno yakitoka moja moja kama meno yanayong'olewa. Blanche alisikiliza huku akigonga udongo kwenye mizizi ya kitunguu.

"Watoto wanane," alisema.

"Wanane."

"Waseme ni wako."

"Wasiseme kitu. Wakae tu."

"Mwenzangu, mimi mwenyewe nilikuwa natafuta viatu vya kuja kwako. Nitakupa wanane, utanipa tisa. Lakini kwanza tumalize lile jambo la yai."

"Jambo gani la yai?"

"Unalijua."

Upepo ulivuma. Kuku wawili walisogea karibu, kama walioitwa kutoa ushahidi. Enid aliutazama mnara wa kanisa la Wexley, wenye kengele mbili pale ambapo Mungu aliwaandikia moja.

"Yai halikugandishwa," alisema.

"Sikusikia. Na kuku hawakusikia."

"Yai lile halikugandishwa kwenye kijiko! Nilikosea!"

Blanche akaweka vitunguu chini, akafuta mikono kwenye aproni, uso wake umejaa amani. "Asante, mwenzangu. Miaka tisa nimeyangoja maneno hayo. Sasa nikwambie kweli: ilikuwa shira. Nilipaka mwenyewe, vijiko viwili. Nilitaka tu kukusikia."

Enid alishuka kilima akiwa amesema uwongo wake wa kwanza tangu utotoni, na tena uwongo wa kumwomba radhi mkosaji. Alitazamia dhamira imsute. Badala yake, alipofika kwenye ngazi ya mbao ya kuvukia ua, juu ya kilima, ilimbidi asimame aume kidole cha glavu, kwa maana kicheko kilikuwa kinampanda na barabarani kulikuwa na watu.

Jumanne asubuhi wale wanane walifika kwa tela la nyasi la Jabez Yandle, wamefunikwa turubai kama viazi. Mkubwa wao alikuwa Doreen Chidgey, miaka kumi, mpwa wa Blanche, msichana mwenye kidevu kilichotangulia mbele yake popote alipokwenda. Enid aliwapanga katikati ya watoto wake, mmoja hapa, mmoja pale, kama mtu anayechanganya mbegu.

"Leo ninyi ni wa hapa," aliwaambia. "Mkiulizwa kitu, jibuni kwa ufupi."

"Tukiulizwa tunakaa wapi?" aliuliza Doreen.

"Mseme karibu na kilima."

"Upande gani?"

"Kilima ni kilima, Doreen."

Kisha akajiona akipanda juu ya kiti na kutundika ramani ya dunia mbele ya yale maandishi ya rangi nyeupe. Alijiambia ni kwa sababu watoto wanahitaji jiografia.

Bwana Crimp alifika saa tatu na nusu kwa gari dogo jeusi. Alikuwa mwembamba, mwenye mafua, kitambaa mkononi, na macho ya mtu aliyeona shule nyingi na kusahau karibu zote. Alihesabu kwa kidole, midomo ikicheza.

"Ishirini na mmoja," alisema. "Faili langu lina kumi na watatu."

"Kijiji kinakua, Bwana," alisema Enid. Uwongo wa pili huo. Ulitoka laini kuliko wa kwanza.

Watoto walisoma, wakasoma vizuri. Waligawanya, wakazidisha, na Colin, mjukuu wa Jabez, alitaja mito mitano bila kukosea. Enid alikuwa ameanza kupumua pale mkaguzi alipojipangusa pua, akaegemea dirisha na kutazama nje.

"Nimeona mnara wa kanisa lenu hauna kengele," alisema kwa upole. "Nani atanieleza kwa nini?"

Enid alifumba macho.

"Iliibwa, Bwana!" Colin alikuwa amesimama kabla swali halijatua. "Iliibwa na wezi wa Wexley!"

"Haikuibwa!"

Ni Doreen. Kidevu kilikuwa kimefika katikati ya darasa.

"Doreen, kaa," alisema Enid.

"Haikuibwa, tuliishinda! Mlivuta kamba kama vikongwe!"

"Mliifunga kwenye mti!"

"Mti gani? Babu zenu walikuwa wamelewa pombe ya matufaha, hawakujua kamba ni ipi na mkia wa punda ni upi!"

"Mwizi!"

"Mlevi!"

Kitabu cha nyimbo kiliruka. Kikafuatwa na kingine. Wale wanane walijikusanya upande wa jiko bila kuambiwa, na kumi na watatu upande wa mlango, na kati yao Colin na Doreen walikuwa wameshikana nywele. Enid aligonga meza kwa rula mpaka rula ikavunjika.

"MDAHALO UMEKWISHA!"

Hata Doreen aliachia.

"Mdahalo?" aliuliza Bwana Crimp.

"Naam, Bwana." Enid alisikia sauti yake mwenyewe ikiendelea mbele yake, tulivu, kama farasi aliyekwisha kuijua njia. "Kila Jumanne tunajadili historia ya hapa. Sehemu ya darasa hulazimika kushika upande wa Wexley. Si rahisi kupata wa kujitolea."

"Wana ari kubwa."

"Nawafundisha waingie ndani kabisa ya nafasi zao."

Mkaguzi alimtazama Colin, ambaye alikuwa akitoka damu puani juu ya shati safi. "Naona," alisema. "Endeleeni. Nataka kusikia habari za huo mti."

Basi wakaendelea nusu saa nzima, wameketi, mmoja mmoja akinyoosha mkono. Enid, aliyekaa pembeni na vipande viwili vya rula mapajani, aligundua kitu kilichomshangaza: katika miaka thelathini na mmoja hajawahi kusikia watoto wakijenga hoja namna ile. Doreen alieleza uzito wa kengele na unene wa kamba. Colin alieleza kwamba mwaloni wa upande ule bado una kovu. Hata Nigel Trott, aliyekuja kwa ajili ya pudini, alisimama akauliza swali la maana: kama kengele iliwekwa dau, wao Wexley waliweka nini?

Wexley wakaanza kunong'onezana. Pendlecot walishangilia.

Chakula cha mchana kilikuwa nyama na kabichi, na baada yake Queenie akaleta pudini ya mvuke iliyotiririka kastadi, ule mchuzi mtamu wa maziwa na mayai. Bwana Crimp alikula sahani mbili na kuikwangua ya tatu. Enid alikuwa akipita nyuma yake na jagi alipoona mtoto mdogo wa Wexley, Maisie, miaka sita, akimvuta mkaguzi koti.

"Bwana, choo kiko wapi?"

Mkaguzi aliweka kijiko chini. "Kwani wewe husomi hapa?"

"Nasoma," alisema Maisie. "Leo."

Bwana Crimp alifikiri kidogo, kisha akainama kwa heshima kama anayeongea na mke wa askofu. "Nadhani ni ule mlango wa kijani, nyuma ya banda. Niliuona nilipoingia." Akaandika neno moja kwenye daftari lake, akashika kijiko tena. Alipoondoka alimpa Enid mkono, akasema pudini ilikuwa nzuri, na hakusema kingine.

"Amejua," Enid alimwambia Queenie.

"Angejua angesema."

"Ameandika."

"Labda ameandika 'pudini'."

Alhamisi haikuwa na namna ya kukwepwa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na Blanche alikuwa amelipa sehemu yake. Enid aliwaacha nyumbani wadogo wanne, Pansy miongoni mwao, akasambaza habari kwamba wana mafua, akawavusha wengine tisa kilima kwa miguu kabla umande haujakauka. Colin alikuwa na jicho lililovilia damu. Njia nzima aliwausia wakae kimya, wasitaje kengele, wasitaje mti, na Colin kama anaweza asitaje chochote mpaka afikishe miaka ishirini na moja.

Alikusudia kuwakabidhi na kurudi. Lakini alikuwa bado kwenye ua wa shule ya Blanche, anamfunga Nigel kamba za viatu, waliposikia gari langoni. Bwana Crimp alikuwa amewahi kwa saa nzima.

"Nitatoka kwa nyuma," alisema Enid.

"Nyuma kuna ukuta. Ingia humu!"

"Blanche Chidgey, sitaingia humo."

"Utaingia!" Na Blanche, aliyekuwa na nguvu za mtu wa kuchimba vitunguu, alimsukuma mwalimu mkuu wa Pendlecot ndani ya banda la makaa na kusukuma komeo.

Enid alisimama gizani, makaa yakimchoma nyayo, kofia yake imekwama kwenye kitu chenye utando wa buibui. Banda lilipakana na darasa, na kupitia ufa wa mbao alisikia kila neno. Alisikia kuhesabu. Ishirini na mmoja. Alisikia watoto wakisoma. Aliitambua sauti ya kila mmoja wake na kujikuta akiwahimiza kwa midomo. Kisha nyayo za mkaguzi zikasimama.

"Wewe unaitwa nani?"

"Colin." Kikohozi. "Colin Chidgey."

"Jumanne nilimwona kijana kama wewe, anatoka damu puani."

"Huyo ni binamu yangu, Bwana."

"Naye anaitwa Colin?"

"Kwao jina ni hilo hilo, Bwana. Hawana mengi."

Enid alijiziba mdomo kwa mkono wenye masizi.

"Mna kipaji cha kufanana huku," alisema Bwana Crimp. "Bi Chidgey, kabla sijasahau, lazima nikague akiba ya makaa."

"Makaa yapo tele, Bwana. Niamini mimi."

"Nakuamini. Lakini kuna mahali pa kujaza kwenye fomu."

"Banda limejaa panya, Bwana. Wakubwa."

"Nawapenda panya," alisema mkaguzi, na komeo likateleza.

Mwanga uliingia. Enid Tapscott alikuwa amesimama juu ya rundo la makaa, mkoba umeshikwa kwa mikono miwili mbele ya tumbo, wima kama yuko kanisani. Uso wake ulikuwa mweusi kuanzia pua kushuka chini.

"Bi Tapscott," alisema Bwana Crimp.

"Bwana Crimp."

"Unakagua makaa?"

"Nakagua makaa."

"Yanatosha?"

Enid alitazama chini. "Mpaka Mei, nadhani."

Bwana Crimp aliandika. Kisha akaufunga mlango polepole, kama mtu anayemfungia mgonjwa aliyesinzia.

Saa nne, watoto walipotoka kwenda uani, Bwana Crimp aliwaita walimu wote wawili katika chumba kidogo cha Blanche. Kulikuwa na chai. Enid alikuwa amenawa, lakini masizi yalibaki kwenye mikunjo ya shingo. Mkaguzi aliweka daftari lake mezani.

"Jumanne nilihesabu ishirini na mmoja," alisema. "Leo nimehesabu ishirini na mmoja. Je, Doreen ana pacha?"

"Huku kwetu, Bwana, watu wanafanana sana," alianza Blanche. "Ni maji ya kisimani..."

"Acha, Blanche," alisema Enid. Aliweka kikombe chini. "Wanane wa Jumanne walikuwa wake. Tisa wa leo ni wangu. Mimi nina kumi na watatu, yeye ana kumi na wawili. Nilipanda kilima nikaomba, kwa mguu wangu. Kama kuna adhabu, mimi ndiye mkubwa."

"Mkubwa kwa miezi minne tu," alisema Blanche.

"Nilijua Jumanne," alisema mkaguzi, "mtoto aliponiuliza mimi choo kiko wapi." Alipangusa pua, na nyuma ya kitambaa Enid aliona, kwa mara ya kwanza, kwamba mabega ya mtu yule yanatikisika. Hakuwa anapiga chafya. "Miaka ishirini na sita nazunguka katika shule. Naingia, watoto wanasimama, wananitajia mito, wanakaa. Jumanne watoto walirushiana vitabu kwa ajili ya historia. Nilikaa kwenye gari nusu saa nikicheka, nikashindwa kuliwasha."

"Basi hutatufunga?" aliuliza Blanche.

"Siwezi kuandika uwongo."

Enid aliinamisha kichwa. Alikuwa amewaambia watoto hivyo mara elfu.

"Nitaandika nilichokiona," aliendelea Bwana Crimp. "Kwamba kuna watoto ishirini na watano huku, pande mbili za kilima, ambao wameshakaa darasa moja Jumanne na Alhamisi, na wakasoma vizuri kuliko nilivyotarajia. Kwamba watoto wa namna hiyo ni shule moja yenye nyumba mbili. Wadogo wasome Pendlecot, wakubwa wasome Wexley. Ishirini na tano inazidi ishirini. Hakuna atakayepanda basi." Akafunga daftari. "Walimu watakuwa ninyi wawili. Mtapanga masomo pamoja, mtatumia pesa za shule pamoja, na mtakutana kila Ijumaa baada ya masomo."

"Kila Ijumaa?" alisema Enid.

"Na yeye?" alisema Blanche.

"Mlitaka adhabu," alisema Bwana Crimp, akaomba chai nyingine.

Halmashauri ilichukua majira yote ya kuchipua kufikiri, ikakubali mwezi Juni. Vijiji vilipokea habari kama kawaida yao. Pendlecot ilisema Wexley imepewa watoto wakubwa ili ijifunze kutoka kwao. Wexley ikasema Pendlecot imepewa wadogo kwa sababu ndio kiasi cha akili ya huko. Jabez Yandle aliapa kwamba mjukuu wake hatasoma chini ya kengele ya wizi. Colin mwenyewe, alipoulizwa, alisema angependa sana kwenda, kwa sababu anataka kuukagua ule mwaloni kwa karibu, na Doreen ameahidi kumwonyesha kama atakiri kwanza kwamba hakuna kovu.

Ijumaa za kupanga zilianza Julai, jikoni kwa Queenie, mahali pasipo na upande. Katika Ijumaa ya kwanza Enid na Blanche walikubaliana juu ya rangi ya daftari la mahudhurio tu. Katika ya pili waligombana mpaka Queenie akawanyima keki. Katika ya tatu Blanche alimwiga mke wa diwani akila yai la kuchemsha, na Enid akacheka kwa sauti hata Wilf akashuka kwenye baiskeli kuuliza nani kaumia.

Siku ya kwanza ya masomo, mwezi Septemba, kulikuwa na umande mzito. Ilikuwa imekubaliwa kwamba watoto wakutane juu ya kilima, penye ile ngazi ya kuvukia ua, wabadilishwe hapo. Enid alipanda na wakubwa wake saba. Upande wa pili alimwona Blanche akija akihema, hereni zikicheza, na nyuma yake wadogo sita wamefuatana kwa kushikana makoti.

Saba wakavuka kwenda. Doreen alikuwa amewatangulia chini ya kilima na anawangoja langoni, mikono kiunoni. Sita wakavuka kuja, mmoja baada ya mwingine, Enid akiwashika kwapani na kuwashusha kwenye nyasi. Maisie alimwuliza kama choo ni kile kile. Enid akamwambia ni kile kile.

Wa mwisho alikuwa kijitu kidogo chenye kofia ya sufu iliyovutwa mpaka kwenye nyusi, kimya, kimemkazia macho.

"Haya, mwenzangu," alisema Blanche kutoka ng'ambo ya ua, tayari amegeuka kuondoka. "Nimekupa wote sita. Wana leso, wana maziwa. Na mmoja wao anauma."

"Anauma? Yupi?"

Blanche hakugeuza kichwa. "Utamjua."